Je, wajua? Enzi ya barafu ililikausha Ziwa Victoria

Enzi za barafu tunazozungumzia hapa, yaani nyakati za baridi kali duniani, ni za kipindi cha Kwaternari, kilichoanza miaka milioni 2.58 iliyopita na ambacho bado tumo ndani yake. Zikitajwa, wengi hudhani theluji ilitanda hadi Kampala, au kwamba Uganda haikuguswa kabisa. Yote mawili si kweli. Barafu ilikuwepo, ila milimani: kule Rwenzori iliteremka mabondeni mbali sana chini ya vilele ilikobanwa leo.

Lipo kosa jingine, nalo liliwashika hata wataalamu. E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda, alieleza kwamba Afrika Mashariki ilipitia vipindi virefu vya mvua nyingi. Kwa miongo kadhaa vipindi hivyo vikalinganishwa na barafu ya Ulaya: Ulaya ikiganda, sisi tunanyeshewa. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi, kwani fukwe za kale zinaonekana juu ya usawa wa maziwa yetu ya leo. Lakini vipimo vya umri kwa kaboni vilionyesha kuwa nyingi kati ya zile za karibuni zilitokea baada ya barafu kupungua. Wakati wa baridi kali kulikuwa na ukame.

Sababu ni bahari. Ikipoa hutoa mvuke kidogo, na mvua hupungua. Sasa, takriban asilimia 80 ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Tena ni pana, karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Anika juani sinia na mtungi vyenye maji sawa: sinia litakauka siku nyingi kabla ya mtungi, kwa kuwa maji yake yote yako wazi kwa jua na upepo. Victoria ni sinia. Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ni mtungi, lilishuka, halikukauka.

Miaka ya 1990, watafiti waliochimba matope ya sakafu ya ziwa walikuta chini yake udongo wa nchi kavu, wenye mizizi ya nyasi. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita, hakuna maji yaliyotoka Jinja kwenda Nile.

Huenda vidimbwi vilibaki. Wataalamu bado wanabishana, na ubishi wenyewe unahusu samaki. Ziwa lina aina kama 500 za furu, ambao Waganda huwaita nkejje. Kama lilikauka lote, basi karibu aina zote hizo zimetokea tangu mvua ziliporudi, kutokana na samaki wachache walioingia kupitia mito.