Mapipa yaliyo ardhini si fedha mkononi

Wengi wanaponunua hisa za kampuni ya mafuta hufungua mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, hutoa madeni kwenye mali, hugawa kwa idadi ya hisa na kusema: hii ndiyo thamani yake. Wengine huzidisha mapipa ya mafuta yaliyo ardhini kwa bei ya leo. Njia zote mbili zinapotosha.

Mizania huanza na gharama. Kisima kilichochimbwa kwa dola milioni 20 huingizwa kwa dola milioni 20, kiwe na mafuta ya miaka 3 au 30.

Nalo pipa la ardhini halina bei ya pipa lililokwisha pakiwa melini. Toa gharama za kulichimba, mrabaha (malipo kwa mwenye rasilimali), kodi, na fedha za kuziba visima mafuta yakiisha. Kisha hesabu muda, ambao ndio husahaulika zaidi: faida ya dola 100 utakayoipata baada ya miaka 10, kwa punguzo la asilimia 10 kwa mwaka (yaani tukichukulia fedha ya leo ingekua kwa asilimia 10 kila mwaka), leo ni kama dola 39 tu. Baada ya hapo ndipo unatoa madeni.

Hata idadi ya mapipa ni makadirio. Januari 2004 kampuni ya mafuta ya Shell ilipunguza akiba yake iliyothibitishwa, yaani kiasi inachohesabu kuwa na hakika ya kukichimba, ya mafuta na gesi kwa mapipa bilioni 3.9, karibu moja ya tano. Hakuna tone lililomwagika. Mafuta yalibaki chini kulekule, ila hayakutimiza masharti ya Marekani ya kuitwa yaliyothibitishwa. Bei ya hisa ilishuka, na Machi mwenyekiti Philip Watts akaondoka.