Hakuna farasi ndani ya "nightmare"

Mtu anayejifunza Kiingereza akishajua kwamba "night" ni usiku na "mare" ni farasi jike, huona fumbo limefumbuka: "nightmare", ndoto ya kutisha, ni farasi wa usiku. Dhana inavutia, lakini si kweli.

"Mare" huyu ni mwingine kabisa. Katika Kiingereza cha kale, "mære" lilikuwa jina la pepo aliyeaminiwa kumkalia mtu kifuani akiwa usingizini na kumbana pumzi. Ndiye jinamizi wetu hasa! Farasi jike alikuwa na neno lake. Maneno hayo mawili yalikuja kufanana baadaye. Pepo huyohuyo amejificha pia mwishoni mwa neno la Kifaransa "cauchemar", ambalo nalo ni ndoto ya kutisha. Hapo mwanzo "nightmare" lilimtaja pepo mwenyewe, na maana ya ndoto ikafuata baada ya karne kadhaa.

Mwaka 1781 mchoraji Henry Fuseli aliwachora wote wawili: kiumbe wa kutisha juu ya kifua cha mwanamke aliyelala, na farasi akichungulia kwenye pazia. Nadhani picha hiyo maarufu imesaidia kumtia farasi vichwani mwa watu.

Kipepeo naye amezushiwa. Husemwa kwamba "butterfly" lilikuwa "flutterby", yaani apitaye akipapatika, sauti zikabadilishana nafasi. La hasha. Kiingereza cha kale tayari kilimwita "buttorfleoge", yaani siagi pamoja na mdudu arukaye.