Historia ya uraibu isiishie mapokezi

Mtu aliyeacha heroini huvunjika mguu kama mtu mwingine yeyote, hupasuliwa, na huumwa. Anastahili dawa ya maumivu, tena ya kutosha. Hatari huanza pale anayemwandikia dawa hajui historia yake.

Mwili uliokaa muda mrefu bila dawa za jamii ya afyuni, kama heroini na morfini, hupoteza ustahimilivu, yaani uwezo wa kuhimili dozi kubwa. Kipimo ambacho zamani kilimtuliza arosto (maumivu ya kukosa dawa) tu, leo kinaweza kumkata pumzi. Aliye kwenye tiba ya methadoni, dawa anayopewa kliniki badala ya heroini, naye ana mambo yake: dozi ya kila siku haikatizwi kiholela kwa kuwa amelazwa, lakini peke yake haitoshi kutuliza kidonda cha upasuaji. Na anayetumia naltreksoni, dawa ya kumkinga asirudie uraibu, morfini ya kawaida haimfai, kwa sababu naltreksoni huizuia kufanya kazi.

Daktari akijua, ana njia nyingi. Kuna ganzi ya eneo husika, parasetamoli, ibuprofeni kwa asiye na tatizo la figo wala vidonda vya tumbo, na ikibidi morfini chini ya uangalizi. Siku ya kuruhusiwa hutoa vidonge vya siku chache, ndugu akavitunza, pamoja na naloksoni ya dharura, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi.

Marekani mwaka 2016, Jessica Grubb, aliyekuwa ameacha heroini, alipasuliwa nyonga. Familia yake ilisema hospitali ilikuwa imeelezwa. Hata hivyo aliruhusiwa na vidonge 50 vya oksikodoni, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni. Daktari aliyemruhusu alisema hakuwa na taarifa. Jessica alifariki kwa dozi iliyozidi. Sheria inayobeba jina lake, ya mwaka 2018, inataka utolewe mwongozo wa kuionyesha historia hiyo waziwazi kwenye kumbukumbu, kwa ridhaa ya mgonjwa.

Ridhaa hiyo haiji bila imani, na hapa sisi watoa huduma tuna deni. Wagonjwa hunyamaza wakihofia kuitwa mateja, au kunyimwa dawa huku wanaumwa kweli. Andika “ana historia ya uraibu”, taja dawa na tarehe, na taarifa ibaki kwa wanaomtibu.

Kwa mgonjwa: sema ulitumia nini, mara ya mwisho lini, na kama unahudhuria kliniki ya methadoni. Mweleze daktari wa usingizi kabla ya upasuaji. Kisha rudia kwa anayekuandikia dawa za kwenda nazo nyumbani, hata kama uliyasema yote siku ya kwanza.