Binti Said sawa, lakini mamake binti nani? Nasaba ya Sayyida Salme

Watu wanaokuja kwetu kwenye nyaraka kutafuta ukoo wao, wengi wanakuja na mstari mmoja tu. Babu zake anawajua mpaka wa sita, anakuhesabia bin huyu bin yule bila kuvuta pumzi, sasa muulize bibi mzaa baba alikuwa binti nani, hapo anaangalia dari. Na si kosa lake jamani, maandishi yenyewe ndo yalivoandikwa.

Leo nichukue mfano wa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliekuwa Sultan wa Oman na Unguja, manake wengi wanamjua kwa ile habari ya kutoroka na Mjerumani, basi, hawaendi mbele ya hapo. Kazaliwa 1844 Beit el Mtoni, kasri la babake hapa Unguja. Upande wa baba hakuna shida kabisa, ni Salme binti Said bin Sultan bin Ahmad bin Said, Mabusaidi, unafika mpaka kwa yule alieanzisha utawala wao Oman. Upande wa mama una jina moja tu, Jilfidan. Binti nani? Haikuandikwa.

Jilfidan alikuwa suria, yaani mjakazi anaekaa na bwana wake kama mke bila ndoa, mtu wa Circassia kule milima ya Kaukazi. Vita viliingia kwao, wazazi wake wakauliwa, watoto wakachukuliwa na wapanda farasi, kila mmoja njia yake. Salme mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapwa Kijerumani mwaka 1886 anakisia mamake alifika kwa Seyyid Said ana miaka saba au minane hivi, na anakisia kwa sababu jino la kwanza la utotoni la huyo mamake lilimng'okea humo humo nyumbani kwa Seyyid. Mie hilo jino nalipenda kuliko tarehe yoyote, maana hakukuwa na cheti wala daftari, lakini jino lilikumbukwa!

Sasa hapa wengi huteleza. Utasikia mtu anasema kwa dharau "ah, mtoto wa suria yule". Kwa sheria iliyotumika hapa, mtoto aliezaliwa na suria kwa bwana wake ni huru tangu anazaliwa, anabeba nasaba ya baba na anarithi sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa, na mamake akishazaa hauzwi tena na bwana akifa anakuwa huru. Na mke mkuu wa Seyyid Said, Bibi Azza binti Seif, hakujaaliwa mtoto. Kwaiyo Seyyid alipofariki baharini 1856 akaacha watoto 36, wote ni wa masuria, pamoja na hao waliokuja kuwa masultani! Mamake Majid, mwanawe aliemrithi Unguja, alikuwa Mcircassia kama Jilfidan, mamake Barghash, aliekuja kutawala baada ya Majid, Mhabeshi, mamake Bibi Khole, dada yao, katoka Iraki.

Baba mmoja, ila ndani ya nyumba swali lilikuwa wewe wa tumbo gani. Salme na mamake walikaa na Majid, wale mama wawili walikuwa wa nchi moja na marafiki. Ndo maana 1859, mwaka huo huo Jilfidan kafa kwa kipindupindu, Salme alipojiunga na uasi wa Barghash wa kutaka kumpindua Majid akawa anamwandikia barua zake, ilimuuma Majid sana. Kuandika Salme alijifunza kwa siri mwenyewe, maana wasichana walifundishwa kusoma tu.

Agosti 1866 akaondoka na manowari ya Waingereza mpaka Aden, akabatizwa Emily, tarehe 30 Mei 1867 akaolewa na Heinrich Ruete, ndo yule Mjerumani, wakaenda Hamburg. Mumewe kagongwa na tramu akafa 1870, kamuachia watoto watatu wadogo. Angalia majina yao: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Kila jina la Kijerumani limepachikwa jina la kwao Salme pembeni, na huyo wa kati ni jina la babu kavu kavu, tena alipokuwa mtu mzima akaliingiza kwenye ubini kabisa, Said-Ruete.

Aliporudi Unguja 1885 nyuma ya manowari za Ujerumani kudai urithi, Barghash alikataa hata kumuona, na alieacha dini harithi kwa Muislamu. Kwaiyo mirathi ilikatika, nasaba haikukatika, alibaki binti Said mpaka anakufa Jena 1924, na kazikwa Hamburg na mchanga wa Unguja aliokuwa kauhifadhi.

Kwa nyie mnaotafuta bibi zenu, jueni kwamba amri ya 1897 ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, wao mpaka 1909, hivo bibi wa bibi yako anaweza asiwemo kabisa kwenye madaftari ya walioachwa huru. Mtafute kwenye hati za wakfu, kesi za kadhi, mirathi, mauziano ya mashamba. Na kabla hujaja kwetu kaa na mashangazi, uliza jina la shamba au nyumba aliyoishi, uliza nani alikuwa somo wake, yule aliemfunda, uliza hata vitu vya kipuuzi kama jino. Jina la babu utakuta tunalo tayari.