Hesabu za motahomu: Port Augusta hadi Alice Springs

Kutoka Port Augusta hadi Alice Springs, nchini Australia, ni takriban kilomita 1,220, zote lami. Barabara ya Stuart Highway ilikamilika kuwekwa lami mwaka 1987, na unaendesha kushoto kama Dar au Nairobi. Ugumu hauko kwenye barabara, uko kwenye hesabu. Mtu anakodi motahomu, lile gari lenye kitanda, jiko na choo humohumo, anaipangia safari kama gari dogo, halafu katikati ya nyika anaona mshale wa dizeli unashuka haraka kuliko kilomita zinavyopungua.

Nianze na dizeli basi. Motahomu ya watu wanne iliyojengwa juu ya vani mara nyingi ina tangi la lita 75 hivi. Ni kubwa, ni ndefu kwenda juu, na upepo unaikuta kama unavyokuta ukuta. Hali ya hewa ikiwa tulivu, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, mimi huhesabu lita 16 kwa kila kilomita 100. Upepo wa mbele ukikaza, au dereva akikanyaga hadi 110, nahesabu 20. Lita 10 za mwisho sizihesabu kabisa: geji hudanganya chini kule, na kuikausha injini ya dizeli ni kujitafutia kazi ya kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta. Zinabaki lita 65. Hewa ikitulia zinakupeleka kilomita 406. Upepo ukikupinga, 325 tu.

Sasa tazama ramani. Port Augusta hadi Pimba ni kilomita 173 hivi, Pimba hadi Glendambo 113, Glendambo hadi Coober Pedy 254. Ukipata dizeli Glendambo, huna la kuwaza. Ukiikosa, kutoka Pimba hadi Coober Pedy kuna kilomita 367, na uwezo wako upepo ukikupinga ni 325. Vituo vya njiani huku huendeshwa na watu wachache. Hufunga usiku, umeme hukatika, wamiliki hubadilika, na vingine hufungwa moja kwa moja huku ramani za simu zikiendelea kuvionyesha. Piga simu ukiwa bado Pimba. Usipopata jibu, chukulia kimefungwa: jaza mpaka juu, ondoka asubuhi kabla upepo haujaamka, na ukae 80. Kwa mwendo huo ulaji hushuka hadi lita 14 hivi, na lita zilezile 65 zinakufikisha kilomita 460. Mwendo wa 80 unachosha, najua, lakini lori la kuvuta magari kutoka katikati pale linachosha zaidi, mfukoni.

Kuanzia Coober Pedy mambo hulegea kidogo: Marla iko kilomita 235 mbele, kisha Kulgera, kisha Erldunda. Jaza kila kituo hata kama umebakiwa na robo tatu. Dumu la dizeli usiliweke kamwe ndani wanakolala watu. Mikataba mingi ya kukodi hukataza, na hata isingekataza, mvuke wake na jiko la gesi havikai chumba kimoja. Kama injini yako inatumia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, jaza kabla ya kuondoka mjini. Kompyuta ya gari huanza kukuonya mapema, na tangi lake likikauka, ukizima injini haitawaka tena.

Hesabu ya pili ni ya malori. Kwenye barabara hii hupita malori yenye matrela matatu, urefu hadi mita 53.5. Tuseme liko mbele yako likienda 95 na wewe unataka kulipita kwa 105. Umelizidi kilomita 10 kwa saa, sawa na mita 2.8 kwa sekunde. Unatakiwa kumaliza urefu wake, urefu wako wa mita 7, nafasi ya mita 40 nyuma yake na 40 mbele yake: jumla mita 140. Hizo ni sekunde 50. Ndani ya sekunde hizo wewe umekula kilomita moja na nusu upande usio wako, na gari linalokuja kwa 110 limekula nyingine kama hiyo. Unahitaji kuona kilomita tatu nyeupe mbele. Ukivuka mpaka na kuingia Northern Territory, ambako magari madogo huruhusiwa 130 sehemu nyingi, ongeza. Ushauri wangu ni usilipite. Simama, chemsha chai, liache liende zake.

Likitaka kukupita wewe, shika mwendo uleule na ukae kushoto ndani ya mstari. Kosa la wageni ni kushuka kwenye changarawe ili kulipisha: tairi za kushoto hurusha mawe hadi kwenye kioo cha dereva wa lori, na gari lako refu huanza kuyumba. Likija mbele yako, mikono miwili kwenye usukani. Pua ya lori hukusukuma nje, trela la mwisho hukuvuta ndani, na vyote viwili hutokea ndani ya pumzi moja.

Usiku usiendeshe. Mikataba mingi ya kukodi hukataza kuwa barabarani nje ya miji kati ya machweo na macheo, na bima hukataa kulipa ukigonga mnyama saa hizo. Kangaruu hutoka kula jioni na alfajiri, ng'ombe hulala kwenye lami kwa sababu hubaki na joto, na sehemu kubwa ya mashamba haina uzio. Mwezi wa saba jua la Alice Springs huchomoza kama saa moja na robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili jioni. Ondoka saa mbili, uwe umeegesha saa kumi na nusu. Ukitoa mapumziko, chakula na mafuta, unabaki na kilomita 350 kwa siku, 400 ukijibana. Kwa hiyo Alice Springs ni siku nne, na mchepuko wa kwenda Uluru unaoanzia Erldunda, kilomita 265 hivi kila upande, unaongeza mbili. Mnyama akiruka mbele, kanyaga breki gari likiwa limenyooka. Kukata kona ghafla na tani nne zenye kimo cha mita tatu ndiko kunakopindua. Mchana mwangalie tai aliyeko kwenye mzoga: ni mzito, ameshiba, huchelewa kuruka, na anaruka akiwa usawa wa kioo chako.

Tairi zipimwe asubuhi, kabla gari halijasogea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Baada ya saa moja ya mwendo pima tena. Upepo kupanda psi 4 hadi 6 ni kawaida. Ukipanda sana kuliko hapo, tairi lilianza na upepo mdogo au gari limezidi uzito: kuta zinakunjika, zinachemka. Watu wengi huona namba imepanda wakapunguza upepo tairi likiwa moto. Kufanya hivyo ni kulimalizia. Liache lipoe, kesho asubuhi uliongeze. Na kabla ya kuondoka kwa mwenye gari, tafuta jeki na spana ya nati za tairi, uone zilipo kwa macho yako, na ujaribu kulegeza nati moja.

Maji yana sehemu mbili. Tangi la gari, mara nyingi lita 100 au pungufu, ni la kuoshea. Ya kunywa hukaa kwenye madumu ya lita 10, zaidi ya moja, ili likipasuka moja mengine yabaki. Hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, na uongeze siku mbili za kukwama. Kumbuka lita moja ni kilo moja: leseni ya kawaida ya gari Australia inaishia kwenye magari ya tani 4.5 yakiwa na mzigo wote, na motahomu nyingi ziko karibu na mpaka huo. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi na huacha ukoko mweupe kwenye birika. Coober Pedy husafisha yake kwa mtambo wa kuondoa chumvi, jaza hapo.

Umeme huwashangaza wengi. Kiyoyozi cha chumbani hakitumii betri, kinataka umeme wa kambi. Waya wa motahomu una plagi ya ampea 15, yenye mguu wa ethi mpana kuliko wa plagi ya nyumbani, kwa hiyo haiingii kwenye soketi ya kawaida ya ampea 10. Usiuchonge. Betri ya chumbani ikiwa ya asidi, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) maana yake unatumia 50, na friji ya kompresa siku ya joto inaweza kuzimaliza zote peke yake. Lala kambi yenye umeme kila usiku wa pili, katikati yake lala kwenye maegesho ya bure yanayoruhusu saa 24. La Ziwa Hart, mbele kidogo ya Pimba, ni zuri kwa jicho langu: chumvi nyeupe hadi upeo wa macho, na reli iko palepale. Ila ukilala hapo, sehemu kubwa ya ardhi pembeni ni eneo la majaribio ya kijeshi la Woomera, kwa hiyo usiingie kwenye njia za vumbi. Choo humwagwa kwenye shimo maalumu la kambini au mjini tu. Kaseti, yaani tangi la choo linalochomolewa, ya lita 18 hivi inajaa kwa watu wawili ndani ya siku mbili au tatu.

Simu zina mtandao mijini na kwenye vituo, katikati hakuna. Telstra ndio wenye eneo kubwa zaidi. Redio ya UHF, ile ya kuongea gari kwa gari, iwe kwenye chaneli 40, ndiko madereva wa malori wanakoongea. Chaneli 5 ni ya dharura. iPhone 14 na kuendelea zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti Australia tangu 2023, ukiwa na anga wazi. Kifaa kidogo cha kuomba uokoaji cha masafa ya 406 MHz ni bora zaidi, nacho kinasajiliwa bila malipo.

Gari likizima, kaa nalo. Inua boneti, tanda turubai upande wa kivuli, kunywa maji kabla ya kuhisi kiu, na usitembee kutafuta msaada hata kama kituo kinaonekana karibu kwenye ramani: gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani. Na kila asubuhi, kabla ya kutoka kwenye mtandao, mtumie mtu mmoja ujumbe wenye vitu vitatu: unatoka wapi, unalala wapi, na saa ngapi akianza kukosa habari zako apige 000, namba ya dharura ya Australia. Kama yuko nje ya Australia namba hiyo haitamfaa, kwa hiyo mpe na simu ya kambi unayokwenda.