Radi Ikipiga Ndege ya Betri, Tazama Nyaya

Nikizungumza na watu kuhusu radi na ndege, swali la kwanza ni moja siku zote: je, ndege itatoboka? Kwa kawaida haitoboki. Ndege ya abiria hupigwa na radi mara moja hivi kwa mwaka, ikabaki na madoa ya kuungua kwenye pua, mkia au ncha za mabawa, na abiria wakashuka salama. Ninachokihofia mimi kiko ndani, kwenye nyaya, na katika ndege zinazotumia umeme hofu hiyo inaongezeka.

Mengi tunayoyajua yalipatikana kwa ujasiri wa marubani. Kati ya 1980 na 1986, NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa ikiingiza ndege ya kivita aina ya F-106B katikati ya mawingu ya ngurumo kwa makusudi. Ilipigwa mara 714. Vipimo vilivyokuwa ndani yake vilionyesha kwamba mara nyingi ndege haikutwi na radi iliyokuwa ikipita, bali ndege yenyewe ndiyo inayoianzisha: inapopita kwenye wingu lenye chaji, cheche huchomoza kwenye ncha zake. Basi huwezi kusema utaikwepa kwa bahati.

Ndege ya aluminiamu hujikinga yenyewe, kwa sababu mkondo hupita kwenye bodi na kutokea upande wa pili. Lakini mtengenezaji wa ndege ya umeme anahesabu kila gramu. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati zaidi ya mara 40 ya ile iliyomo katika kilo moja ya betri za leo, hivyo bodi lazima iwe nyepesi, na wengi huchagua nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa resini, yaani gundi inayoganda ikawa ngumu. Kaboni hiyo hupitisha umeme, ila vibaya: ukinzani wake ni kama mara 1,000 ya ule wa aluminiamu. Ndiyo maana hutandazwa wavu mwembamba wa shaba chini ya rangi.

Halafu kuna suala la mahali mota zinapokaa. Katika mradi wa X-57 Maxwell, NASA ilipanga mota 14, mbili kati ya hizo kwenye ncha kabisa za mabawa, pale pale radi inapopenda kushika. Mradi ulifungwa 2023 bila ndege kuruka, lakini mchoro wake unafundisha: nyaya nene za kutoka kwenye betri, pamoja na nyaya nyembamba za vihisi, zinapita urefu wote wa bawa.

Hebu tupige hesabu moja. Radi kali ambayo wahandisi huitumia kama kipimo cha usanifu hufika ampea 200,000, na mwanzoni mkondo wake hupanda kwa kasi ya takriban ampea bilioni 100 kwa sekunde. Chukua nyaya mbili za kihisi, wa kwenda na wa kurudi, zilizoachana sentimita 1, zikipita mita 1 kutoka kwenye njia ya mkondo huo bila kinga yoyote katikati. Usumaku unaobadilika huzalisha volti 200 kwa kila mita ya nyaya hizo. Bawa la mita 10 litakupa volti 2,000, zikielekea kwenye chipu iliyozoea volti 5. Radi yenyewe haijaugusa waya. Sasa zisokote nyaya hizo mbili kama kamba, na sehemu kubwa ya volti hizo itajifuta yenyewe, kwa sababu kila msokoto unapinga ule wa jirani yake. Mimi hesabu hii hainichoshi kuirudia.

Nyaya za ndege nzima huwezi kuzihesabu kwa kalamu, na hapo ndipo uigaji wa kompyuta unapoingia. Tunatumia milinganyo ya umeme na sumaku ya mwanafizikia James Clerk Maxwell, yuleyule aliyepewa heshima ya jina la X-57, kwa mbinu aliyoichapisha Kane Yee mwaka 1966: ndege na hewa inayoizunguka hukatwa vijisanduku, kisha uga wa umeme na wa sumaku hukokotolewa kwa zamu, sanduku kwa sanduku. Ndege ndogo ikikatwa kwa vijisanduku vya sentimita 5, unapata milioni kadhaa. Kila hatua ya muda haiwezi kuzidi takriban sehemu moja ya bilioni 10 ya sekunde, la sivyo hesabu zinalipuka, yaani namba hukua bila kikomo. Kuifuatilia radi kwa mikrosekunde 100 tu kunahitaji hatua milioni 1.

Na bado waya wa milimita 2 hauonekani ndani ya sanduku la sentimita 5. Kwa hiyo nyaya huhesabiwa kando, kila kifungu na ngao yake ya shaba, kisha matokeo huunganishwa na yale ya bodi. Faida yake ni kwamba mhandisi anaweza kuhamisha kifungu kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi nyuma ya kiunzi, yaani boriti kuu ya bawa, asubuhi, na jioni akajua kimepona au la, kabla fundi hajatoboa tundu hata moja.

Pipistrel Velis Electro ya Slovenia, ndege ya kwanza ya umeme kupata cheti cha aina (idhini ya usanifu wake) cha EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, Juni 2020, imeruhusiwa kuruka mchana tu, rubani akiona nje. Kwa ndege ya mafunzo hilo linatosha. Ndege ya kubeba abiria kila siku haitakuwa na uhuru huo wa kukwepa usiku na mawingu, hasa kwetu: Kabare, mashariki mwa Kongo, satelaiti zimehesabu radi 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na Ziwa Viktoria hunguruma usiku.

Uigaji huwa dhaifu zaidi kwenye viungo. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.0025 kikipitiwa na ampea 200,000 huzaa volti 500, na tabaka la rangi lililosahaulika chini ya boliti linaweza kuongeza ukinzani huo mara nyingi. Kompyuta haijui kama rangi ilikwanguliwa. Hivyo mkondo hupitishwa kwenye bodi halisi ndani ya maabara, volti zikapimwa kwenye plagi za nyaya, na mchoro wa kipimo ukawekwa juu ya mchoro wa kompyuta. Visipolingana, mimi huanzia kwenye boliti.