Pale Masaccio Alipoiweka Rula Chini

Nikitaja kwamba uzamivu wangu ni wa michoro ya Renesansi (enzi ya mwamko wa sanaa Ulaya), watu hudhani nashinda makumbusho nikisifia rangi. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kukagua mikwaruzo.

Chukua “Utatu Mtakatifu” wa mchoraji Masaccio, katika kanisa la Santa Maria Novella, Florence. Aliuchora ukutani miaka ya 1425 hadi 1428 hivi, akafariki 1428 akiwa na miaka 26 tu. Mulika taa kwa ubavuni, utaona mistari iliyokwaruzwa plasta ikiwa bado mbichi. Ifuate ile ya dari la upinde: yote inashuka na kukutana chini ya msalaba, karibu na kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Ndiyo maana ukuta unaonekana kama umetobolewa, na ndani mna kikanisa. Wanafunzi wengi huamini wachoraji waliitoa kitabuni kanuni hii ya mistari kukutana nukta moja ili kuonyesha kina, ilhali mwandishi Alberti aliiandika 1435, mchoro ukiwa umeshakauka siku nyingi. Aliyetangulia kuionyesha ni msanifu majengo Brunelleschi, kwa ubao wenye tundu na kioo.

Sasa mtazame Mungu Baba. Yuko juu kabisa, kwa hiyo tungepaswa kumwona kutokea chini ya kidevu. Wapi! Anatutazama uso kwa uso. Mikono yake inashika msalaba ulio mbele, miguu imekanyaga jukwaa lililo nyuma. Wapo wanaosema mchoraji aliteleza. Mimi sikubali hata kidogo. Uso wa Maria, hapo chini kidogo, umechorwa miraba midogomidogo kwenye plasta ili uinamishwe sawasawa kwa anayetazama kutoka sakafuni. Mtu wa umakini huo hamsahau Mungu. Aliamua kwamba Yeye hapimwi kwa macho yetu.

Jopo lililonitahini halikunibana hapo, lilinibana kwenye kina cha kikanisa, na lilikuwa na haki. Macho yetu yako usawa wa sakafu yake, hivyo sakafu yenyewe haionekani. Kinachobaki cha kupimia ni visanduku vya dari, yaani vile vyumba vidogo vilivyochorwa kwenye upinde, nawe unalazimika kudhani ni vya mraba kamili. Ukivifanya virefu kidogo, kikanisa kizima kinarefuka navyo. Ndiyo maana ramani za kikanisa hicho zilizochorwa na watafiti hazilingani, na yangu imeshapata wapinzani wake.